Uwanja mfupi au mrefu wa gofu: mchezaji wa Mwanza achague upi?

Mwanza iko magharibi zaidi ya Dar es Salaam lakini saa zetu ni zile zile, kwa hiyo jua letu huchelewa. Huzama karibu saa 1 usiku, karibu mwaka mzima. Mtu anayetoka kazini saa 10 jioni ana zaidi ya saa mbili za mwanga mbele yake. Nashauri uamuzi wa uwanja mfupi au mrefu uanzie hapo, kabla hujafikiria fimbo, viatu wala ada ya klabu. Raundi ya mashimo 18 kwenye uwanja kamili inakula saa nne hadi tano. Mashimo tisa mafupi yanakwisha kwa saa moja, au moja na nusu mkiwa wanne na mazungumzo yamenoga. Ile ya kwanza inataka Jumamosi nzima, na kwa wengi wetu wa Kanda ya Ziwa inataka na tiketi ya basi au ya ndege. Hii ya pili inaingia kwenye jioni ya Jumanne, inaingia tena Alhamisi, na bado unawahi kula chakula cha usiku na watoto.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua nasimama wapi. Kwa anayeanza, na kwa mwenye kazi na familia ya kuangalia, uwanja mfupi unafaa zaidi. Gharama yake ndogo ni sababu mojawapo, lakini sababu kubwa ni kwamba unafundisha vizuri zaidi sehemu kubwa ya mchezo. Uwanja mrefu nao una mambo ambayo mfupi hauwezi kukupa, na nimeyatengea nafasi yake.

Tunalinganisha nini hasa

Uwanja kamili ni mashimo 18 yenye urefu wa jumla wa kati ya mita 5,500 na 6,500 hivi. Shimo hapa ni sehemu nzima ya kuchezea, kutoka pa kuanzia hadi kishimo chenyewe, na kila moja lina kiwango chake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuitumia. Mpangilio uliozoeleka ni mashimo manne ya mikwaju mitatu, kumi ya mikwaju minne na manne ya mikwaju mitano, jumla 72. Kwetu Tanzania mfano ni Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, na Kili Golf upande wa Usa River. Kwenye ufuko wa ziwa hili hili letu, Entebbe nchini Uganda wana uwanja wa mashimo 18 ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20.

Katikati kuna viwanja vya mashimo tisa yenye urefu wa kawaida, kama Gymkhana ya Arusha, au Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Unacheza tisa ukaenda zako, au unazunguka mara mbili ukitaka 18. Usividharau. Madina Iddi, mmoja wa wanawake waliolibeba jina la Tanzania katika gofu kwa miaka mingi, ni mchezaji wa Arusha.

Uwanja mfupi ninaouzungumzia hapa ni ule ambao mashimo yote, au karibu yote, ni ya mikwaju mitatu. Shimo dogo linaweza kuwa mita 50, kubwa mita 180. Ndani ya kundi hili kuna tofauti moja ambayo watu huipita haraka nayo ina uzito. Kuna viwanja ambavyo hakuna shimo linalozidi mita 90, na kuna vile vyenye mchanganyiko, shimo la mita 70 likifuatwa na la 140, kisha la 165. Vyote huitwa vifupi, lakini havifundishi mambo sawa.

Kuna watu wanaoona aibu kidogo kucheza mashimo tisa mafupi, kana kwamba gofu halali ni ya mashimo 18 peke yake. Historia ya mchezo haiwaungi mkono. St Andrews kule Scotland, wanakopaita nyumbani kwa gofu, walikuwa wakicheza raundi ya mashimo 22 hadi mwaka 1764, walipounganisha baadhi yake yakabaki 18. Mashindano ya kwanza ya The Open, yale makubwa ya Uingereza, mwaka 1860 huko Prestwick, yalichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12. Na Augusta National kule Marekani, wanakochezea Masters, mojawapo ya mashindano manne makubwa ya gofu, wana uwanja mfupi wa mashimo tisa pembeni ya ule mkubwa, na tangu 1960 wachezaji bora duniani hushindana hapo siku moja kabla ya mashindano yenyewe. Aliyeshinda mara ya kwanza alikuwa Sam Snead, bingwa mara tatu wa Masters. Watu wa namna hiyo hawaoni aibu.

Unajifunza zaidi wapi

Chukua mtu mzima anayeanza, mwenye miaka 40, mzima wa afya, ambaye mkwaju wake mzuri wa fimbo ya chuma namba 7 unafika mita 100 na ule wa fimbo kubwa unafika 140. Mpeleke kwenye shimo la mita 380. Hata asipokosea popote, anahitaji mikwaju mitatu mpaka kwenye grini, yaani eneo laini lenye kishimo, na anayeanza hukosea. Atapiga sita, saba, huku mpira ukipotelea kwenye majani na wenzake wakisubiri nyuma. Kanuni za sasa, tangu 2019, zinampa dakika tatu tu za kuutafuta. Akifika kwenye grini amechoka, anaputi, yaani anauviringisha mpira kuelekea kishimoni, haraka haraka ili asicheleweshe watu. Mashimo 18 ya namna hiyo yanamfundisha kuharakisha na kuona haya.

Mtu huyo huyo msimamishe mbele ya shimo la mita 95. Mkwaju mmoja mzuri unamfikisha. Akiukosa, wa pili ni mfupi wenye kutaka ufundi: kuuinua mpira juu ya mtego wa mchanga, au kuuviringisha kutoka ukingoni. Kisha anaputi kwa utulivu. Kwenye saa moja amefanya hayo yote mara tisa, na kila mara ameona matokeo ya alichofanya.

Hesabu ya mchezo wenyewe inaunga mkono njia hiyo. Katika kiwango cha mikwaju 72, mikwaju miwili kwa kila shimo imetengewa kuputi, maana yake 36, nusu kamili. Uwanja mfupi unakupa kuputi kwingi kwa kila saa unayotumia kuliko ule mrefu, ambako muda mwingi unakwenda kwenye kutembea na kutafuta mipira.

Lakini hapa lazima nitaje hoja nzito ya upande wa pili, kwa sababu washabiki wa viwanja vifupi huiruka. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alichambua mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Alikuta kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya walio bora na waliobaki inatokana na mikwaju ya mbali, inayopigwa kutoka zaidi ya yadi 100, yaani mita 91. Kuputi kulichangia asilimia 15 hivi. Kwa hiyo anayecheza maisha yake yote kwenye mashimo ya mita 50 na 60 anafanya mazoezi ya sehemu ndogo ya kile kinachomtofautisha mchezaji hodari.

Ukiuangalia uchambuzi huo kwa makini lakini, utaona kundi lenye uzito kuliko yote, takriban asilimia 40, ni mikwaju ya kulenga grini kutoka mbali. Mkwaju mkubwa wa kwanza kwenye mashimo marefu ulichangia karibu asilimia 28. Kulenga grini kutoka mita 120, 140 au 165 ndiyo kazi ya mashimo mengi kwenye uwanja mfupi wenye mchanganyiko. Ndiyo maana nilisema ile tofauti ina uzito. Uwanja mfupi wenye mashimo matatu au manne yanayozidi mita 130 unakufundisha jambo kubwa kuliko yote, na unakupa nafasi kadhaa za kulifanya ndani ya saa moja. Kwenye uwanja kamili, mashimo ya mikwaju mitatu kwa kawaida ni manne tu.

Lee Trevino wa Marekani alikulia kwenye umaskini huko Dallas, akafanya kazi kwenye uwanja mfupi wa mashimo ya mikwaju mitatu, na alikuwa akiwashinda watu huko kwa kupiga mpira kwa chupa ya soda badala ya fimbo. Baadaye alichukua mataji makubwa sita, yakiwemo mawili ya US Open na mawili ya The Open. Seve Ballesteros wa Uhispania alijifunzia ufukweni akiwa na fimbo moja ya chuma namba 3, naye akashinda mataji makubwa matano. Simwahidi yeyote wa Kirumba au Igoma mataji hayo. Ninachotaka kionekane ni kwamba ufundi wa mikono ulianza mahali padogo, na nguvu na umbali vilifuata.

Jambo moja la hapa kwetu uliweke kichwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani. Mpira huruka mbali zaidi kwa takriban asilimia 4. Shimo la mita 150 Mwanza linachezeka kama la mita 144 hivi Dar es Salaam. Ukijua umbali wa kila fimbo yako kwa kuzoea mashimo ya huku, ukashuka Lugalo kwenye mashindano, chukua fimbo ndefu zaidi kidogo.

Miamba, ufuko na ardhi

Swali la mfupi au mrefu halimhusu mchezaji peke yake. Linamhusu pia mwenye shule, mwenye hoteli ya ufukweni, au kikundi cha marafiki wenye kipande cha ardhi wakitafakari wakifanyie nini. Kwa watu wa Mwanza naona jibu hapa liko wazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya ulinganisho huu.

Uwanja kamili unahitaji ekari 120 hadi 200. Uwanja wa mpira wa miguu wenye vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, ni ekari moja na robo tatu, kwa hiyo tunazungumzia takriban viwanja 68 hadi 113 vya mpira vilivyopangwa pamoja. Nani ana eneo hilo karibu na mji, na kwa nini asilitumie kwa kilimo au makazi? Uwanja mfupi wa mashimo tisa unaenea kwenye ekari 10 hadi 30, na ule mdogo kabisa hata chini ya hapo.

Kisha kuna mawe. Jiji letu linaitwa mji wa miamba kwa haki. Kuanzia Capri Point hadi Isamilo, na vilima vya Ilemela, itale imejitokeza kila mahali. Shimo la mita 400 linahitaji njia ya nyasi iliyonyooka au iliyopinda kwa mpango, na kuipata kwenye ardhi yetu kunataka kulipua na kusawazisha. Shimo la mita 110 halihitaji njia. Linahitaji mahali tambarare pa kusimama, grini upande wa pili, na kilichopo katikati kinaweza kubaki kama Mungu alivyokiumba: jiwe, kichaka, bonde. Naiona hii kama zawadi ya eneo letu, na natamani wenye ardhi waione hivyo. Tahadhari yake ni kwamba mpira unaogonga jiwe unaruka upande wowote, kwa hiyo mawe yawe katikati ya njia ya mpira, mbali na grini na mbali na sehemu wanakosimama watu.

Ufukweni kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwenye kiwanja kirefu na chembamba cha ufukweni mita hizo zinakula sehemu kubwa, na mashimo mafupi ndiyo yanayoweza kupangika kwenye kinachobaki. Isitoshe, nyasi za gofu zinalishwa mbolea, na mvua za Machi hadi Mei huisomba mbolea hiyo hadi ziwani, kwenye maji ambayo tayari yanasumbuliwa na magugu yanayostawi kwa virutubisho vya namna hiyo. Eneo dogo, mbolea kidogo. Hata grini si lazima ziwe za nyasi. Klabu nyingi za bara, Afrika Mashariki ya zamani, ziliputi kwenye mchanga uliochanganywa na mafuta na kulainishwa kwa reki, na watu walicheza vizuri.

Kwa anayetaka kuanza bila uwanja wowote, mashimo matatu ya mita 40 hadi 70 kwenye uwanja wa shule baada ya masomo yanatosha kwa miezi ya mwanzo. Ila tumia mipira laini ya plastiki. Mpira halisi wa gofu unaweza kumuua mtu. Usicheze ufukweni wanakoanika dagaa, wala wanakopitisha ng'ombe, wala popote ambapo watu wanapita bila kujua kwamba kuna mchezo.

Na mpira ukiangukia ziwani, uache. Nalisema hili kwa uzito wote. Maji ya kingo za Ziwa Victoria yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na dakika chache za kusimama majini zinatosha kuambukizwa. Kanuni zinakuruhusu kuongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kuendelea na mpira mwingine. Mamba na viboko nao wapo. Klabu ya Nyanza ya Kisumu inasifika kwa kanuni yake ya miaka ya 1950 iliyomruhusu mchezaji kudondosha mpira mwingine ikiwa wake umetulia karibu na kiboko au mamba, na kanuni za dunia za leo zinatoa nafuu hiyo hiyo bila adhabu kwa mnyama yeyote wa hatari, akiwemo nyoka na kundi la nyuki.

Mfuko

Hapa sina maneno mengi kwa sababu tofauti inaonekana. Kanuni zinaruhusu fimbo 14. Uwanja mfupi unamalizika vizuri kwa tano: fimbo ya kuputi, weji moja ya mchanga (fimbo ya mikwaju mifupi ya kuuinua mpira), chuma namba 9, namba 7, na fimbo moja ndefu kidogo kwa yale mashimo ya mita 160. Fimbo zilizotumika, zikiwa nzima, zinatosha kabisa. Mipira inayopotea ni michache. Kedi, yaani mbeba fimbo, unaweza kumhitaji au usimhitaji, na ukimchukua unamlipa kwa saa moja na nusu. Na kama uwanja ni wa jirani, gharama ya lile basi la usiku kucha au ile ndege haipo. Kwa anayeishi Mwanza, usafiri ndio unaopandisha gharama ya gofu ndefu kuliko kiingilio cha uwanja wenyewe.

| | Mfupi, mashimo 9 | Kamili, mashimo 18 |
|---|---|---|
| Muda | saa 1 hadi 1½ | saa 4 hadi 5 |
| Fimbo | 5 zinatosha | hadi 14 |
| Kutembea | kilomita 2 hivi | kilomita 8 hadi 10 |
| Ardhi | ekari 10 hadi 30 | ekari 120 hadi 200 |
| Mashimo ya mikwaju mitatu | yote, au karibu yote | kwa kawaida 4 |

Unacheza na nani

Kwenye uwanja mrefu nguvu inatenganisha watu. Mume anapiga mita 200, mke 120, mtoto wa miaka 11 anapiga 70, na baba mkwe mstaafu ana goti linalomsumbua. Baada ya shimo la tatu hawachezi pamoja tena, kila mmoja yuko mahali pake. Kwenye shimo la mita 110 mume anachukua weji, mke anachukua fimbo ndefu, wote wawili wanafika, na kuanzia hapo anayeputi vizuri ndiye anayeshinda. Mtoto anasogezwa mbele mita 40. Mzee anamaliza mashimo tisa akiwa na pumzi ya kuzungumza. Nimeona familia zikicheza hivi, bibi akimshinda mjukuu na mjukuu akidai raundi nyingine kabla giza halijaingia, na siamini kuna michezo mingi inayoweza kuwaweka watu wa vizazi vitatu kwenye ushindani wa haki namna hiyo.

Kwa wanawake wanaoanza ukubwani jambo hili lina maana ya pekee. Dada wengi huacha gofu mapema kwa sababu wamepelekwa moja kwa moja kwenye mashimo marefu na wanaume wenye haraka. Wangeanzia kwenye mafupi, wengi wangebaki.

Kasoro ya viwanja vifupi upande huu ni msongamano. Mashimo yakipangwa karibu karibu, mpira uliopotoka unatua kwa wengine. Kabla ya kumpeleka mtoto, tembea uwanjani uone kama kuna miti au kinga kati ya shimo na shimo, na kama wachezaji wa hapo wana tabia ya kupaza sauti mpira unapowaendea wengine.

Mambo ambayo uwanja mfupi hautakupa

La kwanza ni ile fimbo kubwa na maamuzi yanayokuja nayo. Shimo la mikwaju mitano lina mipango: uvuke maji kwa mkwaju wa pili au usimame kabla yake, upige kushoto upate nafasi nzuri au kulia uokoe umbali. Furaha ya kuuona mpira ukikaa angani mita 200 ni kubwa, na sitamdanganya mtu kwamba mita 100 zinalingana nayo. Asiyecheza uwanja mrefu hata kidogo atabaki na pengo hapo, na mazoezi ya kupiga mpira mbali kwenye eneo la wazi hulijaza nusu tu.

La pili ni mwili. Kilomita 8 hadi 10 kwa miguu ni mazoezi ya kweli. Utafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, uliofuatilia wachezaji wa gofu 300,000, ulikuta vifo miongoni mwao ni pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na watu wengine wa umri, jinsia na hali sawa ya maisha. Si gofu peke yake inayoleta tofauti hiyo, maana wenye afya njema ndio wanaoweza kucheza, lakini kutembea kuna sehemu yake. Ukichagua mfupi, zunguka mara mbili, au tembea kwenda na kurudi uwanjani.

La tatu ni mashindano na watu. Mashindano makubwa ya klabu na ya taifa huchezwa kwenye mashimo 18, na saa nne za kutembea na mtu usiyemjua zinajenga urafiki, na hata biashara, kwa namna ambayo saa moja haiwezi. Mwenye lengo la kuwakilisha mkoa au nchi hana budi kuuzoea uwanja mrefu.

Zamani ningeongeza la nne: kwamba alama za uwanja mfupi hazihesabiki kwenye handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji. Hilo limebadilika. Mfumo wa handikapu wa dunia, ulioanza 2020, ulirekebishwa Januari 2024 ili hata uwanja wenye urefu wa jumla wa yadi 750, yaani mita 686, kwa mashimo tisa uweze kupimwa rasmi. Kabla ya hapo kiwango cha chini kilikuwa mara mbili yake. Uwanja wenye mashimo tisa ya wastani wa mita 77 sasa unaweza kuingia, mradi upimwe na wanaohusika. Na handikapu ya juu kabisa inayoruhusiwa ni 54, kwa hiyo anayeanza naye ana nafasi yake kwenye orodha.

Kwa hiyo wewe uchague upi

Kama hujawahi kushika fimbo, mfupi, tena mfupi kabisa, mpaka uweze kufika kwenye grini ya mita 90 mara nyingi kuliko kukosa. Kisha tafuta ule wenye mchanganyiko.

Kama umeajiriwa na una watoto wadogo, mfupi wa jioni, na safari moja au mbili za uwanja mrefu kwa mwaka, ukiziunganisha na shughuli nyingine za Arusha au Dar.

Kama ni kijana wa miaka 14 mwenye kipaji na hamu, vyote viwili. Mfupi kila siku inayowezekana, na mtu mzima wa kumpeleka kwenye mashimo marefu wakati wa likizo za shule, kwa sababu nguvu zake zinakua na lazima zipate pa kwenda.

Kama umestaafu na una muda, chagua kwa miguu yako. Mwenye magoti mazuri asijinyime zile kilomita nane.

Na ukiwa kwenye uwanja mrefu, kuna njia ya tatu ambayo wengi huisahau: anzia kwenye alama za mbele, yaani zile za kuanzia zilizo karibu zaidi na grini. Mwaka 2011 vyama vya gofu vya Marekani vilitoa mwongozo unaolinganisha urefu wa uwanja na mkwaju wako mkubwa. Anayepiga mita 137 hushauriwa kucheza mashimo 18 yenye jumla ya mita 3,200 hadi 3,400, na anayepiga mita 160 mita 4,000 hadi 4,200. Wanaume wengi ninaowajua husimama kwenye alama zenye mita 6,000 wakiwa na mkwaju wa mita 160, na raundi inawatesa bure.

Mara ya kwanza kwenye uwanja wowote mfupi, omba kadi ya alama kabla ya kulipa. Angalia umbali wa mashimo yote tisa. Kama lililo refu kabisa ni mita 85, hapo ni mahali pa kujifunza mikwaju mifupi na kuputi, lipa ukijua hivyo. Kama unaona 70, 95, 120, 140 na 160 zimechanganyika, omba na bei ya mwezi.